Maneno ya Nyumbani Kabla ya Mabibo Kuiva

Somo kwa wazazi na walezi wa vijana

Somo la mwezi huu, wasomaji wapenzi, ni habari ya vileo na vitu vingine vidhuruvyo, na jinsi ya kuzungumza juu yake na vijana wetu walio kati ya miaka 12 na 18. Tungeweza kuliandika kwa maneno ya jumla, yafaayo kila mahali. Lakini maneno ya jumla kijana huyasikia kama mvua inyeshayo ng'ambo ya mto. Kwa hiyo tumelipeleka somo hata mahali pamoja, Nanganga, katika wilaya ya Masasi, tupate kuliona jambo lenyewe pale lilipo.

Nanganga ni njia panda. Barabara kuu itokayo Mtwara na Lindi kwenda Masasi yapita hapo katika bonde la Lukuledi, na hapo ndipo iachanapo na ile ya Ruangwa. Ng'ambo ya bonde pana miinuko ya Wamakonde, ambako ni Newala; mbele ya safari ni Ndanda, penye hospitali ya Wabenediktini, kisha Masasi mjini. Malori hupita mchana na usiku. Basi mzazi wa mahali kama hapo, akiulizwa hatari ya vijana itatoka wapi, hunyosha kidole kuelekea barabarani: kwa dereva mgeni, au kwa kijana wa mjini aliyekuja na bangi mfukoni. Hatusemi kwamba barabara haina hatari. Walakini, kwa hukumu yetu, hatari ya kwanza ya kijana wa nchi ile haishuki kwenye lori. Yatoka chini ya mkorosho wa baba yake.

Msomaji wa mbali yampasa kuelezwa. Korosho hukaa nje ya tunda, chini yake, na tunda lenyewe ndilo bibo. Bibo ni zito kuliko korosho yake mara tano hata mara kumi. Kwa hiyo penye gunia moja la korosho pana magunia mengi ya mabibo, nayo huharibika siku ile ile au siku ya pili yake. Maji ya mabibo yakikamuliwa asubuhi ni matamu, ingawa hukwaruza koo kidogo, na mtoto huyanywa wala halewi. Yakilala hata kesho yameumuka, yamekuwa uraka. Yakikaa tena, ukali huzidi. Uraka ukitiwa motoni, na mvuke wake ukapitishwa katika mrija uliopozwa kwa maji, yale yadondokayo upande wa pili ndiyo nipa, nayo ni gongo kama gongo nyingine yoyote.

Tazameni basi mtoto anavyoliona jambo hili. Jumatatu ameokota mabibo pamoja na mama yake na kuyanyonya njiani. Jumanne amekunywa maji yake, naye hakukosa. Jumatano maji yale yale yamekuwa uraka, na wakubwa wameketi barazani wakicheka. Ijumaa yamekuwa nipa, naye ametumwa kuteka maji ya kupozea mrija. Ni tunda moja, ua mmoja, na mama mmoja. Ni siku gani katika siku hizo aliyoambiwa, “Hapa ndipo penye mpaka”? Mara nyingi hapana siku hiyo. Mpaka ulio wazi machoni pa mtu mzima, mtoto hauoni hata auonyeshwe. Msomaji wa Machame ambaye kwao ni mbege, na wa Bukoba ambaye kwao ni lubisi, na wa Iringa ambaye kwao ni ulanzi, atayafahamu haya upesi, wala hana haja ya kufika Nanganga.

Sasa twafika penye ugumu wa somo hili, nasi hatutaki kuuruka, maana wengi wanaofundisha habari za ulevi huuruka. Mwenye kupika, mara nyingi, hapiki kwa kupenda ulevi. Korosho ni zao la fedha, lakini fedha yake ina safari ndefu. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara huuzwa kwa njia ya stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo wake katika chama cha msingi, mzigo huenda ghalani, mnada hufanywa, ndipo mwenyewe alipwe. Njia hii ina faida zake. Lakini kuna miaka ambayo fedha hukawia. Wengi wanaukumbuka msimu wa mwaka 2018, wakati serikali ilipochukua kazi ya kununua korosho zote, bei ikitangazwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakangoja malipo yao muda mrefu. Bibo halingoji mnada. Mabibo yaliyookotwa leo ni fedha mkononi kesho jioni: chumvi, sabuni, daftari la shule. Mama aliyefiwa na mumewe, au aliyeachwa na watoto wanne, atayaacha yaoze chini ya mti?

Kwa hiyo mama huyu akimwambia mwanawe, “Usinywe pombe,” mtoto ana swali tayari. Kama halitoi kinywani, analo moyoni: “Mbona wewe wapika?”

Kuna namna mbili za kulijibu swali hili vibaya. Ya kwanza ni kumfokea: “Nyamaza, hayo ni mambo ya wakubwa.” Kijana atanyamaza, na tangu siku hiyo atawauliza wenzake. Ya pili ni kumdanganya kwamba uraka si kitu, ni maji ya matunda tu, na kibaya ni nipa peke yake. Naye ataonja uraka kwa kuwa umeruhusiwa, atalewa, na atajua kwamba mama yake hakusema kweli. Basi hata neno la kweli juu ya nipa hatalisadiki tena. Twaona jibu la kweli ndilo lenye nguvu, ijapokuwa lamuumiza mwenye kulisema. Tuseme mama na mwanawe wako shambani wanapalilia, na neno lenyewe laenda hivi:

“Mama, waniambia nisinywe, nawe wapika.”

“Ndiyo, mwanangu, napika. Sare yako niliinunua kwa uraka wa mwaka jana, maana fedha ya korosho ilikuwa haijaja. Sijivunii kazi hii. Nawaona wanaokunywa kwangu, nawajua tangu walipokuwa vijana kama wewe, ndiyo sababu nasema nawe. Mwili wako haujakomaa; kitu hiki kitauharibu kabla haujajengeka. Tangu mwaka huu hutabeba ndoo ya uraka, wala hutakaa barazani jua likishatua. Nami natafuta njia ya kuacha.”

“Na mjomba mbona anakunywa?”

“Mwulize yeye mwenyewe. Nitamwambia kwamba utakuja.”

Mama huyu hakujifanya mtakatifu, wala hakulitupa neno lake kwa kuwa yeye mwenyewe ana doa. Tena ametoa amri iliyo wazi, kijana aweza kuishika: ndoo, na baraza, na jua kutua. Kumwambia kijana “jihadhari” si amri, maana hajui ajihadhari na nini. Na kama mwenye kupika ana binti, amri hiyo na iwe kali zaidi kwake. Binti wa miaka 14 akiwapelekea vikombe watu waliolewa, hatari yake si kileo tu. Wazazi wajua twasema nini, wala hatuna haja ya kuongeza.

Mzazi asianze kusema kabla hajajua. Vijana wa siku hizi wana simu, na neno moja la uongo wakiligundua watayatupa yote. Basi haya machache ayashike.

Ubongo wa mtu hauishi kukomaa hata afikie miaka 25 hivi, na sehemu ya mbele, ile imzuiayo mtu asifanye kwa haraka na kumpimia matokeo ya tendo, ndiyo hukomaa mwisho. Kwa hiyo kileo humpata kijana wakati breki zake hazijafungwa sawasawa. Mwaka 1997 wachunguzi wa Marekani walitoa hesabu za uchunguzi mkubwa uliofanywa huko juu ya umri wa kuanza kunywa. Katika kila watu 10 walioanza kabla ya kufikia miaka 15, kadiri ya 4 walifungwa na pombe wakati fulani wa maisha yao. Na miongoni mwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, alifungwa kadiri ya mmoja. Hesabu hii peke yake haithibitishi kwamba kuanza mapema ndiko kulikowafunga wote. Huenda baadhi yao walikuwa na taabu nyingine nyumbani. Lakini yatosha kumwonyesha mzazi kwamba miaka mitano ya kungoja si kitu kidogo. Huna haja ya kumshinda kijana kwa maisha yake yote, mwombe angoje.

Tena, kileo kikiingia mwilini huondolewa na ini, polepole, kwa kiasi kidogo kila saa. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala maji baridi, wala kutapika, wala kukimbia. Vijana wengi waamini kinyume cha haya. Na katika nipa hapana mtu ajuaye kipimo: chupa ya leo na chupa ya juzi, kwa mpishi yule yule, nguvu zake si sawa. Aliyezoea vikombe viwili vya uraka huhesabu vikombe viwili vya nipa kuwa ni vile vile, kumbe amekunywa mara nyingi zaidi.

Habari ya upofu nayo isemwe kwa haki. Kuna kileo kiitwacho methanoli, ambacho rangi yake ni kama ya maji, na ladha yake haijulikani mbali na ya kileo cha kawaida. Mwilini hugeuka asidi iuayo mshipa wa jicho, na kikizidi humwua mtu. Mabibo yenyewe hutoa kidogo tu. Misiba mikubwa hutokea pale muuzaji aongezapo spiriti ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali au kiwe kingi. Ndivyo ilivyokuwa Nairobi mwezi wa Novemba mwaka 2000, walipokufa zaidi ya watu 100 kwa pombe moja, na wengine kupofuka. Na ndivyo ilivyokuwa Kabale, nchi ya Uganda, mwaka 2010, walipokufa makumi ya watu. Ukimwambia kijana kwamba kila anywaye nipa hupofuka, atawatazama wazee wa kijiji wanaoona vizuri, naye atakucheka. Mwambie hivi: “Hujui muuzaji ametia nini, wala ulimi wako hautakuambia.” Neno hili hawezi kulicheka. Na katika nchi ya mikorosho liko jambo moja zaidi: chupa na madumu yaliyotiwa dawa ya kupulizia mikorosho yasitiwe kinywaji kamwe, hata yakioshwa mara saba. Kijana ajue kuuliza kikombe kimetoka chombo gani.

Juu ya sheria, maneno machache. Kupika gongo ni kosa, na nipa imo humo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, nayo yakataza kumwuzia pombe na sigara. Wengi hudhani kwamba kumtuma mtoto chupa ya jirani ni jambo dogo, kama kumtuma chumvi. Si dogo. Mtoto aliyezoea njia ya kwenda kwa mwuza nipa kwa miguu ya kutumwa, siku moja ataiendea kwa miguu yake mwenyewe.

Huenda msomaji akasema, “Basi tuwatishe. Tuwaonyeshe waliopotea, waogope.” Njia hii imejaribiwa, tena kwa fedha nyingi. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles, huko Marekani, walianzisha mafundisho yaliyoitwa D.A.R.E., ambamo askari aliingia darasani kuwaonya wanafunzi juu ya madawa ya kulevya na kuwafundisha kuyakataa. Yalienea katika shule nyingi mno. Wachunguzi walipowalinganisha wanafunzi waliofundishwa hivyo na wale wasiofundishwa, katika miaka ya 1990, waliona tofauti ndogo sana, na baada ya miaka michache hata hiyo ilitoweka. Mgeni mwenye sare asemaye mara chache, kisha akaondoka, hawezi kuwa badala ya mtu wa nyumbani. Twasema haya pia kwa ajili ya mapadre na walimu wetu. Hotuba ya siku ya vijana ina faida yake, lakini mzazi asidhani kwamba kwa hotuba hiyo deni lake limelipwa.

Ni nani basi wa kusema? Katika nchi ya Masasi na Newala swali hili lina jibu la zamani. Wamakonde, Wamakua na Wayao tangu asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya mpwa wake, pengine kuliko baba. Tena jando na unyago ndizo shule za kwanza za nchi hiyo, ambamo kijana hupewa maneno ambayo baba na mama huona haya kuyasema. Ndugu zetu wa misheni ya UMCA, waliofika Masasi mwaka 1876, waliitambua nguvu hiyo. Vincent Lucas, aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakulifuta jando, bali alilitengeneza kuwa la Kikristo. Watu wamebishana sana juu ya jambo hilo, nasi hatuliamui hapa. Tulitakalo ni kuuliza tu: leo, katika maneno ya jandoni na unyagoni, neno la nipa limo? Kijana afundishwa heshima, afundishwa kuamkia wakubwa na kuutunza mwili. Kisha siku ya kutoka ngoma yapigwa, uraka upo tele, na yeye aliyeambiwa jana kwamba sasa ni mtu mzima huenda leo akapewa kikombe ili athibitishe. Hilo kungwi na mjomba waweza kulizuia kwa neno moja kabla ya sherehe, kuliko baba kwa maneno mia baada yake.

Na mjomba anayekunywa, je? Asikimbie swali la mpwa wake. Hapana mwalimu wa jambo hili apitaye mnywaji asemaye kweli: fedha iliyokwenda, kazi iliyompotea, asubuhi asiyoikumbuka. Lakini asilisimulie kwa kicheko kama masimulizi ya mawindo, maana vijana watasikia mawindo.

Namna ya kusema ina faida kama maneno yenyewe. Kijana akiketishwa kitini mbele ya wazee watatu, hujifunga kama konokono. Afadhali mazungumzo ya njiani, au ya kupalilia, au ya kubangua korosho, ambapo macho hayakutani. Anza kwa kumwuliza ajua nini: wenzake wanywa wapi, nani huwapa, hunywa siku gani. Sikiliza hata mwisho, wala usikatize kwa kuhukumu. Maneno mafupi mara kumi hufaa kuliko marefu mara moja, nayo yaanze mwezi wa Agosti au Septemba, kabla mabibo hayajawa mengi. Mwezi wa Novemba umechelewa. Kisha mpe maneno ya kukataa. Kijana hashindwi kwa kutojua kwamba pombe ni mbaya. Hushindwa kwa kukosa neno la kusema mbele ya rafiki watano. “Mjomba atanisikia harufu,” au “Kesho alfajiri nina zamu ya mpira,” humwokoa bila kumwaibisha. Mfanye alitamke neno hilo nyumbani, mcheke pamoja, alizoee.

Walakini nyumba moja peke yake ni dhaifu, ikiwa jirani ana baraza wazi. Katika nchi ya Aisilandi, kisiwa cha baridi kilicho kaskazini sana mwa Ulaya, vijana walikuwa walevi kupita kiasi. Mwaka 1998, katika kila vijana 100 wa miaka 15 na 16, 42 walisema wamelewa katika siku 30 zilizopita. Mwaka 2016 walikuwa 5. Hawakufanya miujiza. Wazazi walipatana kwa maandishi, shule kwa shule, kwamba mtoto wa yeyote hatanyweshwa katika nyumba ya yeyote. Walishika saa ya watoto kuwa nyumbani usiku. Nayo serikali ilitoa fedha ili kila kijana apate michezo au muziki jioni. Nanganga si Aisilandi, wala haina fedha zake. Lakini mapatano hayanunuliwi. Wapikaji wa kitongoji kimoja wakikubaliana mambo matatu, kwamba hawatamwuzia mtoto, hawatampa chupa mtoto aliyetumwa, wala hawatamweka mtoto barazani usiku, watakuwa wamefanya zaidi ya makala hii. Tena wao ndio waitwe kwanza katika shauri, wala wasiitwe kama washitakiwa. Atakayewaita aje na neno la riziki pia: kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, kimekuwa kikifundisha kutengeneza maji ya mabibo ya kuhifadhiwa na jamu. Hatusemi kwamba jamu italipa kama nipa. Soko lake ni dogo, tena lataka chupa na sukari. Lakini aliyeambiwa “acha” bila kuambiwa “shika hiki” hataacha.

Vitu vingine twavipitia upesi. Viroba, ile mifuko midogo ya plastiki ya pombe kali, vilikatazwa nchini tangu tarehe 1 Machi 2017. Lakini pombe kali ya chupa ndogo za bei nafuu ingalipo, nayo huingia mfukoni mwa sare kama viroba vilivyoingia. Bangi huharibu kumbukumbu na bidii ya masomo, na kwa baadhi ya vijana huleta wazimu, hasa waanzao wadogo. Asemaye kwamba ni majani tu hayana neno, tumbaku nayo ni majani, na Shirika la Afya Ulimwenguni lasema tumbaku huua hata nusu ya waitumiao wasioiacha. Unga, yaani heroini, ni msiba hasa wa pwani na miji mikubwa. Aliyeshikwa nao apate kujua kwamba ni ugonjwa wenye matibabu: tangu Februari 2011 hospitali ya Muhimbili yawapa dawa ya methadoni, na baadaye vituo vingine vilifunguliwa.

Katika makundi yenu ya wazazi jiulizeni haya, mkijibu kwa mambo ya kijiji chenu wenyewe: Mtoto wa hapa huonja mara ya kwanza wapi, na nani ampa? Ni nani katika ukoo awezaye kusema naye bila yeye kuficha? Na usiku akilewa, atakwenda wapi?

Swali hilo la mwisho wengi hawalijibu, nalo ni la uhai. Kijana aliyelewa, akijua kwamba nyumbani fimbo yamngoja, atalala kichakani au barabarani, na barabara ya Nanganga ina malori. Basi aambiwe mapema, tena mbele ya baba na mjomba wote wawili: “Ikikupata, njoo nyumbani. Usiku huo hutapigwa wala hutaulizwa. Tutasema asubuhi.” Na neno hilo lishikwe. Akifika, alazwe ubavu, asilale chali, asije akasongwa na matapishi yake. Asipewe pombe nyingine ya kuzimua, wala asiachwe peke yake. Akiwa haamki hata akiitwa na kutikiswa, au anapumua polepole na kwa kukatiza, au mwili umekuwa baridi na midomo imegeuka rangi, asingojewe kupambazuke. Tena dalili za pombe iliyotiwa sumu huchelewa, pengine saa 12 hata 24: kichwa, tumbo, pumzi za haraka, na macho kuona kama ukungu. Kijana akisema siku ya pili, “Sioni vizuri,” apelekwe siku ile ile Ndanda, au hospitali ya Mkomaindo iliyo Masasi. Na anayempeleka amwambie mganga kweli yote, ni nipa, ilinunuliwa wapi, na ni nani wengine walioinywa pamoja naye, ili nao watafutwe.